Sauti Zimenyamaza, Mbona Hesabu ya Bao Haijarudi?

Kwenye baraza moja ya Ngamiani, hapa Tanga mjini, katika zile barabara zetu za namba ambazo hata mgeni hapotei, kuna bao la mninga lililosuguliwa na vidole vya wazee mpaka mashimo yake yanang'aa. Zamani, alasiri ikifika, binamu yangu akishakaa upande mmoja wa bao hilo, upande wa pili watu walikuwa wakipokezana tu. Wakimwita Fundi. Hakuwa na haraka. Alilitazama bao kimya, mikono magotini, macho yakitembea shimo kwa shimo. Halafu anachota, anasambaza, anakula, anazunguka, anakula tena, na kete ya mwisho inalala palepale alipotaka ilale. Safari nzima alikuwa ameshaimaliza kichwani kabla hajanyanyua mkono.

Aliugua akiwa na miaka 23. Sitaeleza yote, maana nyumba iliyopitia hayo haihitaji kusimuliwa na isiyopitia haitaamini. Kulikuwa na usiku wa kuzungumza na ukuta, kulikuwa na waganga watatu, mmoja wao akaondoka na beberu wetu, kisha hospitali, kisha sindano ya mwezi. Jina la ugonjwa tulilipata mwisho kabisa: skizofrenia. Huu ni mwaka wa nne. Sauti zimenyamaza. Anaoga, anaswali, anakula na wenzake. Na shangazi yangu, aliyelia sana wakati wa zile kelele, siku hizi ana kilio kingine kisicho na machozi: "Kelele zimekwisha, mwanangu, alhamdulillahi. Sasa mbona hafanyi kitu?"

Mimi si daktari. Lakini swali la shangazi limenisumbua kiasi cha kunifanya nisome, na nilichokisoma kimenishawishi kwamba binamu yangu anafanya kazi kuliko sisi sote pale nyumbani, ila kazi yenyewe iko mahali ambapo macho yetu hayafiki.

Dada yake ana duka la rejareja Makorora. Ramadhani iliyopita alimweka dukani amsaidie. Siku moja nimekaa pembeni kwenye kreti la soda, akaja mteja: "Nipe sukari nusu, tambi paketi moja, na vocha ya buku." Binamu akageukia rafu, akashika tambi. Akasimama. Mkono uko kwenye paketi, shingo imelala upande kidogo kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Akarudi na tambi. "Na nini vile?" Mteja akarudia, safari hii kwa haraka, na vocha zikawa mbili. Binamu akaenda kwenye gunia la sukari, akapima nusu kilo barabara, mizani haikuyumba, akaifunga, akaiweka mezani. Tambi alikuwa ameshazirudisha kwenye rafu. Mteja akanitazama mimi, siyo yeye, akasema, "Huyu kalewa madawa."

Angalia kilichotokea. Kupima anajua. Bei anazijua, zikiwemo zilizopanda wiki ile. Sukari iko wapi, anajua. Kilichoponyoka ni ile orodha ya vitu vitatu aliyotakiwa kuishika wakati mikono inafanya jambo jingine. Wanasaikolojia wana jina la uwezo huo, na katika Kiswahili wapo wanaouita kumbukumbu tendaji. Mimi nauita kumbukumbu ya mkononi, kwa sababu unafanana na kete ulizozichota na hujazisambaza: unazishika, unajua ni ngapi, na papo hapo unawaza zitafika wapi. Waingereza wawili, Alan Baddeley na Graham Hitch, ndio walioipa umbo linalojulikana leo, mwaka 1974, kwa kuonyesha kwamba kuhifadhi kitu kwa sekunde chache na kukifanyia kazi ni mambo yanayokwenda pamoja. Kiganja chenyewe ni kidogo kwa kila binadamu. Mmarekani George Miller aliandika mwaka 1956 kwamba tunashika vitu saba hivi, ukiongeza au ukipunguza viwili. Nelson Cowan mwaka 2001 akapunguza zaidi, akasema ni kama vinne tu.

Kiswahili kinalijua jambo hili tangu zamani. Tunasema "nimepitiwa". Mtu mzima akipitiwa mara moja kwa siku tunacheka naye. Akipitiwa mara kumi kwa saa tunamwita mvivu, na akiwa na historia kama ya binamu yangu tunasema yamemrudia.

Kwamba ugonjwa huu unagusa fikra zenyewe si habari mpya. Mjerumani Emil Kraepelin, aliyeupambanua mwishoni mwa karne ya 19, aliupa jina lenye maana ya kupotewa na akili mapema, kwa sababu kilichomshtua ni jinsi vijana walivyopoteza uwezo wa kufikiri. Mwaka 1908 Mswisi Eugen Bleuler akaleta jina la skizofrenia, lenye maana ya akili iliyopasuka, na jina hilo limewapoteza wengi: mpaka leo utasikia barazani kwamba mgonjwa "ana watu wawili ndani". Hana. Ni mtu mmoja ambaye mawazo yake yanaachana njiani. Lakini sauti na shuku za kuwindwa zina makelele, na chenye makelele ndicho kinachotazamwa. Kwa miaka mingi udhaifu wa kufikiri ulikaa nyuma kama bibi harusi aliyefunikwa kanga.

Aliyeufunua zaidi alikuwa mwanasayansi Mmarekani, Patricia Goldman-Rakic, na aliufunua kwa nyani. Nyani anaonyeshwa alama mahali fulani, alama inaondolewa, anangoja sekunde chache, kisha anatakiwa atazame pale ilipokuwa. Katika zile sekunde za kungoja hakuna cha kutazama, kioo kitupu. Ila kwenye ubongo, nyuma ya paji la uso, kuna seli zinazoendelea kufyatua mfululizo, kana kwamba zinasema "ilikuwa pale, ilikuwa pale", mpaka ruhusa ya kujibu itoke. Zikinyamaza kabla ya wakati, nyani anakosea. Mwaka 1992 Sohee Park na Philip Holzman wakalipeleka jaribio la aina hiyo kwa wagonjwa wa skizofrenia. Walipotakiwa kutazama kitu kilichopo, walifanya vizuri. Walipotakiwa kukishika kichwani kwa muda mfupi, wakayumba.

Sasa twende kwenye picha za ubongo, kwa sababu hapo ndipo shangazi angependa kusikia na ndipo pia mambo yanapopotoshwa. Mwaka 1974 watafiti wa Sweden, Ingvar na Franzén, walipima damu inayopita kwenye ubongo wa wagonjwa wakakuta sehemu ya mbele inapata kidogo kuliko ilivyozoeleka. Mwaka 1986 Daniel Weinberger na wenzake huko Marekani wakawapa wagonjwa kazi ya kupanga kadi kwa kanuni inayobadilika bila taarifa, na wakati kwa wenye afya damu ilipanda kwenye sehemu ile ya nyuma ya paji, kwa wagonjwa haikupanda vya kutosha. Ikazoeleka kusema kwamba ubongo wa mbele wa mgonjwa umezembea. Maneno hayo yakitoka maabara na kufika mtaani yanakuwa tusi: mvivu mpaka kwenye ubongo.

Halafu zikaja mashine za sumaku zinazofuatilia oksijeni kwenye damu, mbinu ambayo Seiji Ogawa aliionyesha mwaka 1990, na ukaja mtindo wa kupandisha ugumu wa jaribio ngazi kwa ngazi. Jaribio linalotumika sana lilibuniwa na Wayne Kirchner mwaka 1958. Herufi zinapita kwenye kioo moja moja. Ngazi ya kwanza, unabonyeza kitufe kama herufi unayoiona ni sawa na iliyotangulia. Ngazi ya pili, kama ni sawa na ya hatua mbili nyuma: K, M, K, bonyeza. Ngazi ya tatu, hatua tatu nyuma, na hapo wengi wetu tunaanza kutokwa jasho. Ni bao tupu. Unashika zilizopita, unapokea mpya, unatupa iliyozeeka, na huruhusiwi kusimama.

Walichokikuta kiliwachanganya watafiti wenyewe. Katika baadhi ya majaribio ubongo wa mbele wa wagonjwa ulifanya kazi pungufu. Katika mengine ulifanya kazi zaidi ya wa wenye afya, hasa pale jaribio lilipokuwa jepesi na mgonjwa akajibu sawasawa. Kundi la David Glahn lilipokusanya tafiti nyingi pamoja mwaka 2005 likaona yote mawili: sehemu fulani zimepungua, nyingine zimezidi. Maelezo ambayo wengi wanayapendelea, ingawa ubishi haujaisha, ni ya mchoro ambao sisi wa Ngamiani hatupaswi kuhangaika kuuelewa. Ni nundu ya ngamia. Mzigo ukiongezeka, ubongo unaongeza juhudi, unapanda, unafika kileleni. Mzigo ukizidi uwezo, unashuka. Kwa mgonjwa nundu imesogea karibu. Anapanda mapema, kwa hiyo kwenye kazi nyepesi anatumia nguvu nyingi kutoa jibu lilelile unalolitoa wewe kwa nguvu kidogo. Na anashuka mapema, kwa hiyo kwenye kazi nzito unamkuta ameshafika upande wa pili.

Kama hivyo ndivyo, basi sehemu ya zile picha za zamani za ubongo uliozembea ni kama kumpiga picha mchukuzi wa bandarini baada ya kubwaga gunia, halafu ukaandika chini yake: huyu habebi kitu.

Kuna utafiti mmoja ulionikalisha kitako. Mwaka 2003 Joseph Callicott na wenzake waliwapima ndugu wa damu wa wagonjwa, watu wazima wasio na ugonjwa wowote na wanaojibu maswali vizuri kama wengine. Ubongo wao wa mbele nao ulikuwa ukitumia nguvu kuliko ilivyotarajiwa. Namfikiria dada wa binamu, mwenye duka, anayefunga hesabu usiku bila kikokotoo na asubuhi anaamka na kichwa kinamgonga. Pengine ni joto tu la Tanga na madeni. Siwezi kujua, na hakuna anayeweza, kwa sababu picha hizi ni za wastani wa makundi. Hakuna mashine ya kumpiga picha mtu mmoja ikasema huyu ana skizofrenia na huyu hana. Utambuzi bado ni wa mazungumzo, historia na subira. Akitokea mtu wa kukuuzia "kipimo cha ubongo" cha kugundua wazimu, shika pochi yako. Na wapo wagonjwa ambao kumbukumbu yao ya mkononi ni nzima kabisa.

Kwa nini seli zichoke mapema? Hapa nitapita haraka, kwa sababu wanaojua wenyewe wanapita kwa tahadhari. Seli za ubongo wa mbele zinashikilia kitu kwa kuchocheana zenyewe kwa zenyewe, na kati yao zipo seli ndogo za kutuliza, zinazofanya kazi ya mpiga dumbaki kwenye taarabu: humsikii sana, lakini akikosea, waimbaji na zeze kila mmoja anakwenda njia yake. David Lewis na wenzake huko Pittsburgh, kwa kuchunguza ubongo wa wagonjwa waliofariki, wamekuta dalili kwamba baadhi ya seli hizo za kutuliza zimepungukiwa na kemikali zinazozitumia kufanya kazi yao. Kuna na suala la dopamini. Inaelekea inazidi sehemu za ndani ya ubongo, na huko ndiko sauti na shuku zinakopata nguvu. Mbele, nyuma ya paji, huenda inapungua.

Hilo la dopamini linaeleza mengi kuhusu sindano ya binamu yangu. Dawa za kundi hili, tangu klopromazini ilipoanza kutumika Ufaransa mwaka 1952 na haloperidoli ikafuata mwaka 1958, zinaziba milango ya dopamini. Zinazima moto kule unakowaka. Hazina cha kuongeza kule kulikopungukiwa. Ndiyo maana sauti zimekwenda na hesabu ya bao haijarudi, na wala si kosa la dawa, haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Mwaka 2024 Marekani iliidhinisha dawa mpya inayopita njia nyingine kabisa, ya kemikali iitwayo asetilikolini, lakini iliidhinishwa kwa ajili ya ugonjwa wenyewe, siyo kwa ajili ya kumbukumbu. Dawa nyingine iliyotengenezwa mahsusi kwa ajili ya fikra na kumbukumbu iliangukia pua katika majaribio ya mwisho, na kampuni yake ikatangaza hivyo Januari 2025.

Kuna kidonge kimoja ambacho familia nyingi wanakijua na wachache wanakiuliza: benzheksoli, ile inayotolewa ili mgonjwa asitetemeke wala asikakamae kwa sababu ya dawa kubwa. Inasaidia, nimeona kwa macho yangu shingo iliyopinda ikinyooka. Lakini inapunguza nguvu ya hiyohiyo asetilikolini, na kuwa na kumbukumbu butu ni mojawapo ya madhara yake yanayofahamika. Wapo wanaoendelea nayo miaka na miaka, hata kutetemeka kumekwisha, kwa kuwa tu imeandikwa kwenye kadi. Sisemi mtu amwachishe ndugu yake dawa nyumbani. Nimeona dawa ikikatwa ghafla inavyoleta kelele zote upya. Nasema swali liulizwe: huyu bado anaihitaji hii?

Tatizo ni wapi liulizwe. Nimemsindikiza binamu kliniki mara kadhaa, na maswali ni yaleyale matatu. Anasikia sauti? Analala? Anakula? Hapana, ndiyo, ndiyo. Sindano, tarehe, mwingine. Simlaumu muuguzi aliyekuwa na foleni mpaka nje ya mlango. Nalaumu maswali. Michael Green, mtafiti wa Marekani, alipitia tafiti zilizokuwapo mwaka 1996 akaonyesha kwamba ukitaka kujua kama mgonjwa ataweza kufanya kazi, kujifunza stadi na kuishi na watu, uwezo wake wa kukumbuka na kufikiri unakueleza zaidi kuliko sauti anazozisikia. Miaka karibu 30 imepita, na kwenye meza ile hakuna aliyewahi kumuuliza binamu yangu kama anaweza kupika wali wa watu watano bila kusahau chumvi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu wapatao milioni 24 wana ugonjwa huu, mmoja kati ya kila 300. Wengi wao, nahisi, wanapimwa kwa ukimya wa sauti tu.

Na waganga? Nimeacha kubishana na shangazi kuhusu waganga. Anayetaka kumsomea dua amsomee, ubani ufukizwe, madamu sindano haikosi tarehe yake na mbuzi haondoki.

Kinachonivutia zaidi ni cha zamani na kiko mkoani kwetu. Huko Lutindi, wilaya ya Korogwe, juu kwenye milima ya Usambara, kuna hospitali ya akili ya Kilutheri iliyoanza kupokea wagonjwa mwanzoni mwa karne ya 20, mahali ambapo kabla ya hapo palikuwa na makazi ya watoto waliookolewa utumwani. Kazi za shamba na za mikono zimekuwa sehemu ya tiba huko tangu zamani. Walioanzisha hawakuwa na mashine ya sumaku wala habari za seli za paji. Lakini kazi inayojirudia, ambayo hatua moja inakuonyesha hatua inayofuata, haidai kushika mengi kiganjani. Jembe lenyewe linakumbuka. Mazoea ya mikono, katika ugonjwa huu, kwa kawaida huumia kidogo kuliko kumbukumbu ya mkononi. Siku hizi yapo pia mazoezi ya akili yanayofanywa kwa utaratibu, na faida yake, japo ya wastani, huonekana zaidi yanapoambatana na kazi ya kweli kuliko mtu anapokaa peke yake akibonyeza kompyuta.

Kuna jambo moja ningewaomba wasomi wetu walifanye. Majaribio haya mengi yalibuniwa kwa watu waliokaa darasani miaka mingi. Mwambie mzee wa Pangani ataje tarakimu kinyumenyume na atakushangaa, siyo kwa sababu kiganja chake ni kidogo, bali hajawahi kuona sababu ya kusoma namba kutoka mkiani. Mweke mbele ya bao. Miaka ya 1990 Mholanzi Alex de Voogt aliwachunguza mabingwa wa bao wa Zanzibar na hesabu wanazopiga kichwani bila kugusa kete. Mashimo 32, kete 64, na kila mzunguko unabadilisha bao zima. Kama kuna mahali pa kumpima mtu wa pwani anashika nini kichwani na kwa hatua ngapi, meza imeshachongwa.

Dukani, dada yake aliacha kumpigia kelele, akanunua daftari la kurasa 48 na kulifunga kwa uzi kwenye nguzo. Mteja akitaja vitu, binamu anaandika kwanza, ndiyo anageuka. Wengine wanakereka. Mmoja alimwambia "bwana mkubwa, hapa siyo benki", akaenda duka la pili. Wengi wamezoea, na watoto wanaotumwa wanapenda, maana nao walikuwa wanasahau. Jioni anakuwa amechoka hoi, analala kabla ya taarifa ya habari, na shangazi bado anashangaa mtu wa kukaa dukani kutwa anachoshwa na nini.

Barazani amerudi, ila hakai tena na wakubwa. Anacheza bao la kujifunza na mjukuu wa muuza kahawa, mtoto wa miaka tisa mwenye mdomo. Juzi nimewakuta. Binamu amelitazama bao, mikono magotini, macho yanatembea shimo kwa shimo, yanafika katikati, yanasimama, yanarudi mwanzo. Yakaenda tena. Yakarudi. Mzee mmoja akanyoosha kidole kumwonyesha shimo la kuanzia.

"Mzee wangu, niache," binamu akasema, bila kuinua macho. "Nahesabu."

Mtoto akaanza kugonga bao kwa kete. Muuza kahawa akamzuia mkono.